Ndevu za Kijani za Baba Mkubwa

Mtu akitaka kumtesa mhariri wa video, achukue mzee mwenye kanzu nyeupe na ndevu nyeupe, amsimamishe hatua moja mbele ya kitambaa cha kijani, kisha ampige picha. Baba mkubwa wangu alifanyiwa hivyo hasa. Alitaka kuutumia ukoo salamu za Idi akiwa Forodhani, Zanzibar, lakini bila kupanda boti, kwani bahari humchafua tumbo hata akiiona kwenye kalenda. Mpiga picha wa mtaani akamrekodi sebuleni kwake Magomeni, akalipwa chake, akaniletea faili na neno moja: "Kazi imebaki ndogo, unafuta kijani tu."

Unafuta kijani tu! Cha kitambaani kilifutika kwa kubofya mara moja, na bahari ya Forodhani ikakaa mahali pake. Kazi ilikuwa kile cha mwilini. Taa ikikipiga kitambaa, mwanga hurudi ukiwa umeshakuwa wa kijani na kumwangukia aliye karibu, na hakuna kinachoupokea kwa ukarimu kama kitu cheupe. Kikulacho ki nguoni mwako: mabega ya kanzu yalikuwa ya kijani, na ndevu zilikuwa kama za mtu aliyeinamia bakuli la mlenda. Kofia nayo, ambayo mama mkubwa aliichagua mwenyewe, ilitariziwa kwa uzi wa kijani. Programu haijui tarizi. Ilitoboa kila ua, na tanga la jahazi likawa linapita ndani ya kichwa cha mzee huku akituombea heri.

Kofia niliizungushia mstari kwa mkono, programu isiiguse. Kwa kijani kilichorukia nguo, dawa ni kuiambia programu kwamba popote kijani kinapozizidi nyekundu na buluu, kishushwe kilingane nazo. Kipimo ndicho kigumu. Ukishusha mno, nyekundu na buluu hubaki zikitawala, na nyeupe hugeuka waridi. Binti yake alipochungulia kioo cha kompyuta akauliza kama Idi ya mwaka huu ina sare.

Halafu kuna chengachenga. Siku ya kurekodi umeme ulikatika, mpiga picha akatumia taa ya kuchaji na kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka kamera ikaanza kujitungia picha. Chenga hazitulii mahali pamoja. Kila fremu zinahama, na sekunde moja ilikuwa na fremu 25, kwa hiyo ukingo wa ndevu ulichemka tangu bismillahi hadi wassalamu. Tena kamera za kawaida huhifadhi rangi kwa ubahili: pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Hapo ndipo unapoombwa ukate unywele mmojammoja.

Larry Butler alipata Oscar kwa kazi kama hii katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, naye alitumia buluu. Mimi ningeridhika na soda.

Njia ya kistaarabu ni kutengeneza nakala iliyosafishwa chenga, uitumie kuchora ukingo peke yake, kisha uso uuchukue kwenye picha halisi. Mandhari ya Forodhani nayo unaipaka chenga kidogo, ili mzee na bahari waonekane wamepigwa na kamera moja. Nilifanya hivyo, ikapendeza. Ila baba mkubwa alikuwa ameshaiona ile nakala iliyosafishwa, ambamo usafi ulipita hadi kwenye makunyanzi. Mama mkubwa aliitazama kwa muda, akasema, "Ehe, huyu ndiye aliyekuja kunichumbia." Basi ikawa imekwisha. Ukoo mzima ulipokea salamu kutoka kwa kijana mwenye ndevu nyeupe na mashavu ya plastiki, na shangazi wa Tanga alipiga simu kuuliza anatumia mafuta gani.

Nawe mpiga picha unayesoma hapa, nakuomba: msogeze mzee mita mbili au tatu mbele ya kitambaa, kitambaa kipate taa yake na mzee apate yake, ISO iache chini, na umeme ukikatika, mwambie arudi kesho. Na kofia ikaguliwe kabla ya kuwasha kamera.