Kamera ya Baba Mkubwa na Adabu za Ukweni

Katika ukoo wetu wa Arua kuna ndoa moja tu ambayo haijawahi kuitishiwa kikao cha wazee: ndoa ya Canonet QL17 na flashi yake, Canolite D. Baba mkubwa alizinunua pamoja Kampala miaka ya sabini, alipokuwa bado na mshahara na nywele. Hataki zitenganishwe. Ukiazima kamera, utapewa na flashi. Ukitaka kununua flashi peke yake, atakuuliza kama umewahi kusikia bibi akiuzwa bwana akabaki.

Mwaka 1980, watu wa eneo letu la West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan, yeye alivuka mpaka na Canonet shingoni na Canolite mfukoni. Sufuria zilibaki. Kila kamera inapotolewa kabatini, mama mkubwa huzitaja sufuria hizo moja moja, kwa ukubwa.

Haki isemwe: ndoa hiyo ina maana. Ukiiweka kamera kwenye A, yaani ijiendeshe yenyewe, na flashi ikiwa juu yake, ukishapima umbali kamera hujipangia tundu la lenzi: mtu akiwa karibu, tundu dogo, akiwa mbali, tundu kubwa. Kwa mashine isiyo na chembe ya kompyuta, hiyo ni akili nyingi. Tena ina ulinzi wake. Ukipiga kwenye A bila flashi, na mwanga hautoshi, kitufe hugoma. Hata ukisahau kifuniko cha lenzi, kijicho kinachopima mwanga, kilicho ndani ya duara hilohilo la lenzi, huona giza na kitufe hukataa kubonyea.

Shida ni kwamba ulinzi huo hula betri. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na dunia imekwisha kuzikataa betri za zebaki. Upo hata mkataba, wa Minamata, wa mwaka 2013. Fundi redio mmoja mjini Arua alitutilia betri ya kifaa cha wasiosikia vizuri, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isichezecheze. Ilifanya kazi vizuri. Lakini betri hizo hutumia hewa: ukishabandua kibandiko chake, zinaanza kufa hata usipozitumia. Yetu ilikata roho mkesha wa harusi ya binti yetu huko Koboko.

"Si neno," alisema baba mkubwa, akaiondoa kamera kwenye A. "Mimi nilijua kupima mwanga kwa macho kabla fundi huyo hajazaliwa."

Basi ulinzi ukabaki Arua, sisi tukapanda takisi.

Safari yenyewe haina hadithi. Ni lami, kilomita hamsini na kitu. Koboko ndiyo iliyo na hadithi: iko kwenye kona ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na Wakakwa wako pande zote tatu. Kwa hiyo harusi ya Koboko ni mkutano wa kimataifa wenye upungufu wa viti. Wakwe walikuwa wamejaa hadi chini ya miembe, simu zikiwa juu. Baba mkubwa akawapita wote, akasimama mbele, mimi nyuma yake na mkoba wa betri za flashi.

Kwenye kamera ya namna hii huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake kuna doa la manjano ambamo kila mtu anaonekana mara mbili. Ukizungusha lenzi, hao wawili husogeleana hadi wakawa mmoja, na hapo ndipo picha inapokaa sawa. Baba mkubwa hupima kwa sauti.

"Mabibi harusi wawili!" alitangaza.

Bwana harusi akanyoosha shingo.

"Bado wawili... wanakaribiana..."

Shangazi wa bwana harusi akauliza mahari ya huyo wa pili imelipwa na nani.

"Mmoja!"

Flashi ikawaka, watu wakapiga makofi. Bwana harusi alionekana kama mtu aliyepunjwa.

Vijana wakamzunguka mzee. "Tuone, tuone!" Wakaigeuza kamera, wakakuta hakuna kioo. Mmoja wao akaamua kwamba picha lazima ziko ndani, akafungua mlango wa nyuma. Jua la Koboko likaingia bila kubisha hodi.

Mlango ulifungwa, mkanda ukaendelea. Wakaja wazee, wakaja akina mama, ikaja kwaya. Jioni baba mkubwa aliamua naye apigwe. Akanikabidhi kamera, akakaa kitini, akaweka mikono magotini, akaitazama lenzi. Akasimama.

"Kifuniko!"

Kilikuwa pale tangu asubuhi, cheusi, kimekaa vizuri. Wote waliosimama mbele ya kamera walikiona. Sisi wawili tu wa nyuma ndio hatukukiona. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, ila hawakueleza kwamba nyani wenzake wanaliona vizuri sana na wananyamaza kwa sababu huyo ni mkwe. Wengine walidhani ndivyo kamera za zamani zilivyo. Msichana mdogo mmoja alikuwa amesema, "Mbona imefungwa?", akafinywa na mama yake.

Baba mkubwa alikitoa kifuniko kwa mkono wake, akarudi kitini, akaendelea kunigombeza kutoka hapo. Nikabonyeza.

Hapa kwetu sikupata pa kusafisha mkanda, ukapanda basi la usiku hadi Kampala. Ulirudi umegawanyika: mwanzo mweusi tii, sehemu iliyoota jua, kisha mweupe mrefu, usio na mtu. Mwishoni picha moja, safi ajabu: mzee mwenye suti, mdomo wazi, kidole kimeelekezwa kwako wewe unayetazama. Imetundikwa sebuleni. Wageni huambiwa kwamba hapo alikuwa akitoa nasaha kwa maharusi.

Nilijaribu kumliwaza kwa habari ya mwaka 2015, kabati la shirika la utangazaji la taifa lilipokutwa na negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Amin, ambazo kwa miaka hakuna aliyeziona. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Alisikiliza hadi mwisho. "Umeona? Subira," alisema, akaagiza negativu zetu nyeupe zihifadhiwe vizuri.

Hata hivyo amechukua hatua. Yule msichana aliyefinywa sasa ana cheo: kila sherehe huletwa mbele ya kamera, na ndiye mtu pekee katika koo mbili mwenye ruhusa ya kumwambia baba mkubwa hadharani kwamba amekosea. Anaifanya kazi hiyo kwa bidii. Watu wazima wameanza kumpelekea na mambo mengine.