Asilimia 15 ya Nini?

Mpwa wangu kasomea sayansi ya siasa miaka mitatu. Muulize Hobbes na Locke waligombania nini, atakueleza vizuri tu, chini ya mwavuli wake Mbagala, huku akisajili laini za simu na kurudisha chenji.

Deni la Bodi ya Mikopo linamsubiri kwa adabu. Tangu 2016 sheria inataka mwajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya hapo ilikuwa 8. Juzi tuliketi kupiga hesabu nyuma ya kipeperushi cha vifurushi. Asilimia tunayo, kikokotoo tunacho. Kilichokosekana ni mshahara.

“Mjomba, huu ndio mkataba wa kijamii,” akaniambia. “Mimi nimeshasaini. Mwenzangu bado anatafuta kalamu.”

Tusiwe wachoyo wa shukrani: 2021 serikali ilifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Thamani ya shahada yenyewe imeachwa ijilinde, kama mtoto wa kambo.

Basi nikamshauri agombee ubunge, si ndiko soko la fani yake liliko? Akatoa Katiba kwenye droo, katikati ya vocha, akanifungulia ibara ya 67. Ukiacha kadi ya chama, mgombea awe raia, atimize miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.

“Kusoma na kuandika nilimaliza darasa la pili,” akasema. “Tena bila mkopo.”