Heko kwa Mzee wa "Nani Kafanya Hivi?"

Ofisi yoyote ya kutengeneza programu za kompyuta inayotaka amani ijitafutie mkuu anayeuliza "Nani kafanya hivi?" kabla hajaambiwa kilichotokea ni kipi. Sisi tunaye, Mungu amzidishie umri. Mfumo ukilala saa tatu asubuhi, wateja wakaanza kupiga simu kwamba pesa imekatwa na muamala haujafika, mahali pengine watu wangekimbilia kusoma kumbukumbu za seva. Mkuu wetu hupita kati ya meza, mikono nyuma, akitafuta mtu. Mtu akishapatikana, hata kama mfumo bado umelala, mioyo hutulia. Isipokuwa mmoja.

Faida zake ni nyingi, lakini inayoonekana haraka ni ya vikao. Kile cha asubuhi cha kusimama, ambacho kwa wenzetu huvuta mpaka watu wakaegemea ukuta, kwetu huisha chai haijapoa. "Kuna tatizo?" "Hakuna, mkuu." "Wewe?" "Hakuna, mkuu." Kiliwahi kurefuka siku kijana wa fildi alipouliza, "Samahani mkuu, mteja akibonyeza Tuma, mtandao ukasuasua, akabonyeza tena, si atakatwa mara mbili?" Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: kila ombi lipewe namba yake, ili likirudi mfumo ulitambue na usilishughulikie upya. Mkuu akamtazama kwa upole, akamwuliza alisoma chuo gani. Tukacheka sote, kijana naye akacheka, na tangu siku ile sijaona mtu mwenye adabu kama yeye. Swali lake walikuja kulijibu wateja, mwisho wa mwezi, mishahara ilipoingia.

Na hao wateja ndio wakaguzi wetu. Kampuni nyingine huajiri watu wa kujaribu programu kabla haijatoka, kisha zinawalipa. Wetu wanatulipa wao, na hawajui likizo.

Kupitiana kazi nako tumekurahisisha. Desturi ya fani hii ni mwenzako asome msimbo ulioandika kabla haujaingia kwenye mfumo. Mkuu akishusha mistari elfu mbili Ijumaa jioni, tunaisoma yote kwa muda ule ule unaotosha kuandika "Safi sana, mkuu." Kuchungulia zaidi ya hapo ni kumtilia mtu shaka. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, nao hawakuwa watu wa kutiliana shaka. Mwaka 2012 fundi wao alipandisha programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika, na hapakuwa na utaratibu wa mtu wa pili kuhakiki. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hakuna aliyejisumbua nazo. Soko likafunguliwa, na kwa kama dakika 45 zikateketea zaidi ya dola milioni 400. Utulivu wa kiwango hicho sisi bado tunausomea.

Wapo wasomi wasiotutakia mema. Amy Edmondson, Mmarekani, aliingia wodini miaka ya 1990 kutazama makosa ya dawa, akitegemea timu zinazoelewana ziwe na makosa machache. Akakuta ndizo zenye mengi daftarini. Badala ya kuzishauri zigombane, akasema pengine hazikosei kuliko wengine, ila zinathubutu kusema. Mwaka 1999 akaandika kuhusu timu za kazi na kuliita jambo hilo usalama wa kisaikolojia: mtu aweze kuuliza, kukiri na kupinga bila kuogopa kuaibishwa. Google nao wakachunguza timu zao kuanzia 2012, wakaliweka hilo hilo juu ya yote. Gharama yote hiyo ya nini? Wangekuja kwetu waone. Daftari letu la hitilafu ni jeupe kama sanda.

Ukitaka kujua wenzetu wamepotea kiasi gani, watazame GitLab. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akihangaika na tatizo jingine, alifuta data kwenye seva isiyo sahihi, gigabaiti kama 300. Wakageukia njia zao tano za kuhifadhi nakala, wakakuta hakuna hata moja ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma. Sasa hapo mtu mwenye akili hufunga mlango. Wao wakaandika kila kitu hadharani, wakarusha matengenezo mubashara YouTube, na katika ripoti yao hawakumtafuta mchawi. Walikaa kueleza kwa nini amri moja iliweza kuangamiza kiasi kile na kwa nini nakala hazikuwa na mtu wa kuzikagua. Kwetu huyo angekuwa ameshatimuliwa kabla ya adhana ya alfajiri, na zile nakala mbovu zingebaki pale pale, salama, bila mtu wa kuzibughudhi.

Asije mtu akadhani mkuu hasikilizi. Juzi ametuletea fomu ya maoni ya mtandaoni, ya siri kabisa, hutaji jina. Unaweka namba yako ya utumishi na barua pepe ya kazini, basi. Swali la kwanza linauliza kama unajisikia huru kusema lililo moyoni. Majibu ya kuchagua ni mawili: "Ndiyo" na "Ndiyo kabisa." Nikaweka alama kwenye "Ndiyo kabisa." Mchana mkuu akapita mezani kwangu, mikono nyuma, akitaka kujua ni kitu gani kilinichelewesha kwenye swali la kwanza.