Risala ya Kuusifu Ukumbi

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa.

Risala hii ilikuwa isomwe Jumamosi ile ya mahafali ya kidato cha nne, lakini neno la wazazi lilifutwa kwenye ratiba saa tano na dakika ishirini, kwa sababu nitakazozieleza. Nimekaa nayo mfukoni wiki tatu na sasa inaniwasha. Kusudi lake ni kuusifu ukumbi. Wapo waliousema vibaya, na aliyeusema vibaya kuliko wote ni mimi, kwa hiyo ni haki niwe wa kwanza kuusafisha.

Shule yetu, kama unavyojua kwa kuambiwa, iko upande wa Mbezi, ndani kidogo ukitoka Barabara ya Morogoro. Miaka yote mahafali yamefanyika uwanjani, chini ya miembe miwili na turubai la kukodi. Mwaka jana mvua za vuli zilitangulia kufika kabla ya mgeni. Turubai likajaa tumbo kama ng'ombe mwenye mimba, kisha likajifungulia juu ya keki. Hilo nalikiri. Kamati ya maandalizi ya mwaka huu ilipokaa, mwenyekiti alisimama akasema twende na wakati. Hakuna aliyeuliza wakati unaelekea wapi. Kumbe ulikuwa unaelekea Sinza.

Ukumbi ulianza kutufunza kabla hatujauona. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulitufutia ada kuanzia Januari 2016, na ada ya kutwa iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mchango wa ukumbi ulikuwa 85,000. Kwa saa nne za kukalia kiti tulitoa zaidi ya ada ya miaka minne mizima tuliyosamehewa. Wala si shule iliyochangisha, hasha! Ni sisi wenyewe wazazi tuliojichangisha, kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiari. "Ni hiari kabisa, baba," mweka hazina aliniambia kwenye simu, sauti laini kama ya muuguzi mwenye sindano mgongoni, "ila majina ya waliotoa ndiyo yatakayokuwa getini."

Tena ukumbi una nasaba. Bunge la mwanzo la nchi hii lilikaa Karimjee. Diamond Jubilee ya Upanga ina jina la jubilei ya mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa kwa almasi mjini humu. Ukumbi wetu si wa daraja hilo, uko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, lakini desturi ya kupima watu umeiendeleza.

Viti vyake vimevaa. Kila kiti kina gauni jeupe na mshipi wa dhahabu kiunoni, na binti yangu, aliyekaa miaka minne kwenye dawati la watu wawili wakiwa watatu, alikiangalia kiti chake kwa muda kabla ya kuthubutu kukikalia. Kuna kiyoyozi. Kuna zulia jekundu, ambalo kwa heshima yake wanafunzi wa sayansi walikatazwa kuonesha jaribio la asidi na besi walilolifanyia mazoezi wiki nzima. Badala yake walionesha picha ya jaribio hilo kwenye skrini, na picha haikuchemka wala kubadilika rangi, usalama mtupu. Na kuna safari yenyewe. Tulipita barabara za juu za Ubungo, zilizofunguliwa mwaka 2021 ili foleni ipungue, tukazifurahia kwa dakika mbili, kisha tukaikuta foleni imetusubiri mbele, haina kinyongo.

Lakini sifa kuu ya ukumbi, ile ambayo kwa ajili yake ningeujengea mnara, ni kuujali muda.

Shule, mheshimiwa, haina adabu ya muda. Uwanjani mahafali huanza mgeni akifika na huisha giza likiingia. Risala husomwa nzima, na ile ya wanaobaki husomwa nzima pia, kwaya huimba nyimbo tatu baada ya kuombwa moja, na kila mhitimu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, mpaka bibi wa nyuma kabisa amepiga vigelegele na kuja kumvisha shada, akacheza kidogo, akarudi alikotoka bila kuharakishwa. Ni fujo. Ukumbi uliliona hilo ukalikomesha. Tulikodi saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa kuwa saa nane palikuwa na kicheni pati, na mpambaji wa kicheni pati alikuwa ameshaanza kubandika maua nyuma ya meza kuu huku padri anaomba.

Wewe ulifika saa nne na nusu. Sikulaumu, una majukumu. Baada ya utambulisho, wimbo wa taifa na keki, ikawa saa tano na nusu, na meneja wa ukumbi akaja kusimama kando ya jukwaa, mikono nyuma, akitabasamu. Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia swichi.

Hapo ndipo hesabu ya kidato cha pili ilipopata kazi. Wahitimu walikuwa 214, dakika zilizobaki 30. Mwalimu wa taaluma alikokotoa nyuma ya ratiba: sekunde 1,800 gawanya kwa 214, unapata sekunde nane nukta nne kwa kila mtoto, ukijumlisha kupanda ngazi, kupokea cheti, kushikana mkono, kuangalia kamera na kushuka. Jina la babu likaondolewa mara moja. Babu zetu ni watu wazima, walielewa. Kwenye mhitimu wa arobaini hivi, jina la baba nalo likaondoka, na mimi, niliyekuja na suti kwa ajili ya silabi zile nne, nikalisikia jina la kwanza la binti yangu likipita peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Wenye jina hilo wako watano. Mama wanne walipiga vigelegele, shangazi watatu wakakimbia na mashada, na aliyevishwa yote ni mtoto mmoja mwembamba aliyekuwa hajui hata mmoja kati yao, akatembea na shingo yenye koo tatu. Baada ya hapo waliitwa kumi kumi. Katika simu yangu nina picha ya sikio. Mke wangu anasema si la kwetu.

Nani mwingine angeweza hivyo? Miaka minne walimu wamepigana na uchelewaji kwa fimbo na kwa kufyeka nyasi. Ukumbi uliumaliza kwa nusu saa na tabasamu.

Kwa ajili ya muda huohuo risala ya wahitimu ilisomwa kwa muhtasari. Msomaji alisoma historia ya shule, akasoma mafanikio, akafika kwenye ukurasa wenye kichwa "Changamoto", mshereheshaji akamgusa bega, akaruka hadi kwenye "Mwisho". Ukurasa ule naujua kwa sababu binti yangu ni mmoja wa waliouandika. Ulikuwa na madawati, mabomba ya maabara, na vyoo. Kipimo cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Watoto walikuwa wamepiga hesabu yao wenyewe, vizuri, kwa desimali, na jibu lao sitaliandika hapa, mtu anaweza kuwa anakula.

Halafu ukasimama, mheshimiwa, ukasema umefurahishwa na mazingira.

Mazingira! Mazingira ya nani? Shangazi yake binti yangu alikuja kutoka Lushoto, usiku kucha kwenye basi, kuona mahali mtoto wa kaka yake anaposoma. Aliangalia taa zinazoning'inia, akaniinamia sikioni akauliza, "Hapa ndipo wanapofundishwa?" Nikamwambia hapana, shangazi yake, shule iko kule tulikotoka. Akanyamaza, kisha akauliza kama kule kuna watu wagonjwa.

Nimelifikiria sana swali hilo. Mwaka juzi, shuleni, mgeni rasmi alipokelewa na skauti, akasaini kitabu cha wageni, akatembezwa madarasani, akaoneshwa maabara. Katikati ya ratiba akaomba kwenda kujisaidia. Niliona jinsi mkuu wa shule alivyomwangalia makamu wake, na makamu alivyoangalia mwembe. Hakukuwa na la kufanya. Choo kilikuwa kilekile. Mgeni alikwenda akarudi kimya, hotuba aliyokuja nayo hakuitoa mfukoni, alisema maneno machache ya kichwani tu. Kabla ya Pasaka matundu manne mapya yalikuwa yameshajengwa. Mgeni mmoja, haja moja ndogo, matundu manne.

Wewe nawe ulikwenda kujisaidia, tulikuona. Ukumbi una vyoo kumi na viwili, vyenye vioo, karatasi laini na kijana wa kukukabidhi kitambaa. Ulirudi unatabasamu.

Sisemi kamati ilipanga hivyo. Mwenyekiti ni mtu mwema, anauza saruji, na anaamini kabisa kwamba watoto wanastahili kilicho bora, angalau kwa saa nne. Wala mkuu wa shule simlaumu kwa kuukubali mpango huo upesi kuliko alivyowahi kukubali kitu chochote tangu nimjue. Ila ukichukua 85,000 ukazidisha kwa 214 unapata 18,190,000, na hesabu hiyo sikusikia mwalimu yeyote akiikokotoa nyuma ya ratiba.

Nayo ile 214. Waliosajiliwa kufanya mtihani wa taifa shuleni kwetu ni 243. Getini palikuwa na orodha ya hiari, na kijana mwenye fulana nyeusi aliyeisoma kwa kidole. Kidato cha kwanza, ambao uwanjani hukaa kwenye nyasi na kushangilia kuliko wote, hawakuletwa, Kosta hazikutosha. Mama anayewapikia watoto uji naye hakuja. Ukumbi hauruhusu chakula cha nje, na yeye bila sufuria hakuna aliyekumbuka kumwalika. Wanaobaki, safari hii, walibaki kweli.

Saa sita kamili taa zilizimwa. Tulikula pilau kwenye maegesho, sahani mkononi, tukiwapisha wanawake wa kicheni pati waliokuwa wanashuka kwenye magari na masufuria yaliyofungwa riboni. Wametulia, wana muda.

Baraza la Mitihani, kwa bahati mbaya, halijaenda na wakati. Mtihani wa Novemba unafanyika shuleni. Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro, mhitimu wangu aliondoka nyumbani na sare yake, mkono mmoja daftari la fizikia, mwingine dumu la lita tano la maji ya chooni. Zamu ilikuwa yake.