Sufuria, Nepi ya Baba na Upepo wa Kusi

Sufuria yenyewe ni ile kubwa ya shughuli, isiyoshuka kabatini kwa mambo ya kila siku. Mama mkwe alimpa mwanawe siku alipoolewa. Ilisafiri kutoka Tanga ikiwa imefungwa kwa kanga, na tangu hapo imepika pilau ya akika tatu, hitma moja na maulidi kila mwaka. Mimi nikaoshea cheni ya baiskeli.

Kabla hamjahukumu, sikilizeni upande wangu. Cheni ya baiskeli ya mbio ikiingia mchanga hulia kama kifaranga, na kila mzunguko inasaga meno ya gia. Dawa yake ni kuifungua, kuilaza kwenye mafuta ya taa nusu saa, kuipiga mswaki wa zamani, kuikausha, kisha kuitia oili tone kwa tone. Jumamosi ile ndoo zote zilikuwa na maji, kwa kuwa bomba letu hapa Boko hutoa maji likijisikia. Beseni lilikuwa na nguo za mtoto. Sufuria ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kabati, haina kazi, na mke wangu alikwenda stendi kumpokea mama yake. Nikaishusha.

Nilipomaliza niliisugua kwa sabuni ya unga, majivu na ndimu mbili. Nikanusa, nikanusa tena, nikaridhika. Sasa najua kwamba aliyeshinda na mafuta ya taa mchana kutwa hafai kuulizwa kuhusu harufu. Nikairudisha kifudifudi vilevile nilivyoikuta.

Ugonjwa huu wa baiskeli ulinianza mwaka juzi, nilipoambiwa hospitali kwamba presha inapanda na tumbo linaifuata. Jirani yangu, fundi umeme, akanishika mkono mpaka Mwenge, ambako watu hukutana Jumapili saa kumi na moja alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani. Yupo mwalimu wa sekondari, yupo nesi wa kiume, wapo wauza vipuri wawili, na anayeongoza ni dereva mstaafu wa malori tunayemwita Kapteni. Nikanunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, tairi hazizidi upana wa kidole gumba. Nyumbani nilisema laki na themanini. Bei yenyewe nitaitaja mbele, au tuseme itatajwa.

Pamoja na baiskeli huja kaptula. Siti ya baiskeli ya mbio ni nyembamba na ngumu, kwa hiyo kaptula yake huwa nyeusi, hubana kama ngozi ya pili, na mahali pa kukalia imeshonewa sponji nene. Haivaliwi na nguo ya ndani. Mshono mmoja tu ukikusugua kwa saa tatu, utakula chakula umesimama wiki nzima. Binti yangu Rehema, mwenye miaka minane, aliiona mara moja akaipa jina ambalo halijatoka tena: nepi ya baba.

Jumapili, saa kumi na nusu alfajiri, nepi ya baba haikuwa kwenye kamba.

Nilitafuta kwa tochi ya simu: chini ya mwembe, juu ya uzio, ndani ya banda la kuku. Kisha nikakumbuka kwamba mama mkwe ni mtu asiyeweza kuona nguo imekauka akaipita. Jioni alianua kila kitu, akakunja, akapanga. Mambo meusi yenye sponji aliyaweka panapostahili, kwenye kikapu cha nepi za mtoto. Kikapu kilikuwa chumba cha watoto, na humo ndimo alimolala yeye na wajukuu zake wawili wakubwa.

Mtu mzima anaweza kukaa mbele ya mlango wa mkwewe usiku akatafakari maisha yake yote. Nilikaza kikoi, nikabisha.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, Mama. Ni ile... nguo nyeusi."

Kimya kidogo. "Ile yenye godoro?"

"Ndiyo, Mama."

Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, na mkono ukatoka umeishika kaptula kwa ncha za vidole viwili. "Mimi nikasema mjukuu wangu kanunuliwa nepi ya kukulia," akasema, na mlango ukafungwa.

Niliivaa, nikajifunga kikoi juu yake mpaka barabarani, nikakivua gizani nilipoziona taa za wenzangu zikija kutoka Tegeta. Nyuma yangu mtoto alikuwa analia. Ana miezi saba na meno yanamtoka. Msaidizi wetu alikuwa kwao Singida kumuuguza mama yake kwa mwezi wa pili sasa, na mke wangu alikuwa mpishi, dobi, yaya na mngoja maji ya bomba. Niliisikia sauti ya mtoto, kisha ya mama yake akimbembeleza, kisha zote mbili zikamezwa na mlio wa gia kumi na nne zikibadilishwa.

Kwenda Bagamoyo mwezi wa Julai ni sherehe. Ni majira ya kusi, na barabara inaelekea kaskazini, kwa hiyo upepo unakusukuma mgongoni kama shangazi anayekuharakisha kwenda shule. Tulivuka daraja la Mpiji, tukaiacha Dar es Salaam, tukaingia Pwani kabla ya jua. Mapinga, Kerege na Kiromo zikapita tukipiga soga. Wa mbele akiona shimo hulinyooshea kidole na kupaza sauti, "Shimo!" na neno linapokewa nyuma mtu kwa mtu, kama "amina" kwenye dua. "Tuta!" "Bodaboda!" "Mbuzi!"

Wapagazi wa misafara ya zamani waliingia Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani baada ya miezi ya kutembea, na wapo wanaolieleza jina la mji kuwa ni mahali pa kubwaga moyo. Mimi niliingia baada ya saa moja na nusu, nikabwaga mapaja. Tulikunywa maji karibu na soko la samaki, nesi akaziba pancha moja, tukageuza.

Kurudi ndiko kuna mtihani. Kusi huongeza nguvu jua likipanda, na ilipofika saa mbili ilikuwa usoni, inasukuma vifua kwa viganja vyote. Hapo ndipo utakapojua kwa nini watu hawa huendesha kwa kundi. Baiskeli ikishapata mwendo, kazi kubwa ya miguu ni kupasua hewa. Anayetangulia huipasua kwa niaba ya wote, na anayemfuata kwa karibu, gurudumu lisiachane na gurudumu hata urefu wa mkono, huokoa kama robo ya nguvu zake, pengine theluthi. Ndiyo maana hakuna anayekaa mbele muda mrefu. Ni zamu, dakika mbili tatu. Ukichoka huongei, maana pumzi huna, unatikisa kiwiko tu. Aliye nyuma yako anapita mbele, wewe unapunguza mwendo pembeni mpaka unashika mkia, unapumzika, unaanza kupanda tena.

Anayejificha nyuma ya wenzake mwanzo mwisho, kila zamu ikimfikia anajidai anafunga kamba za kiatu, jina lake ni kupe. Ni tusi zito kuliko yote kwenye kundi letu. Mimi nimeitwa mzito, nimeitwa gunia, ila kupe sijawahi kuitwa, na asubuhi ile nilishika zamu tano dhidi ya kusi nikiwa najiona nimekwisha kuwa mtu.

Tulipofika Mapinga, Kapteni akauliza kwa sauti, "Leo chai kwa nani?"

Kila mwezi mmoja wetu hukaribisha wenzake kifungua kinywa. Orodha iliandikwa mwezi wa nne. Aliyejiandikisha Julai, kwa mwandiko wake mwenyewe na nyota pembeni, alikuwa mimi.

Nilisimama kando nikapiga simu nyumbani mara nne. Iliita mpaka ikakata.

Mke wangu alitupokea mlangoni, mtoto kiunoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. "Karibuni! Karibuni sana!" Sauti ile naijua. Ni asali, na nyuki wake wamo humohumo. Nyuma yake akatokea mama mkwe, akawaona wanaume kumi na wanne wazima, wote katika nepi za kukulia. Akavuta ushungi, akageukia mwembe na kuutazama kwa heshima kubwa.

Heshima ya nyumba iliokolewa na mke wangu. Aliingia ndani akatoka na doti saba za kanga, kila mtu kipande chake, na kundi zima likaketi mkekani limejifunga kanga kama wari wa unyago. Kapteni alinisomea maandishi ya kanga yangu. Naomba nisiyarudie. Rehema akatumwa maandazi kwa jirani, mama mkwe akabandika mihogo ya nazi, na kwa kuwa birika letu ni la watu watano, mke wangu akanyoosha mkono juu ya kabati.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na muda wote wa chai kuchemka wa kukisema, nikautumia kusifia mihogo.

Fundi ndiye aliyepiga funda la kwanza. Akalikalisha mdomoni. "Shemeji," akasema kwa adabu, "hii iliki ya wapi?"

Mwalimu akanusa kikombe. Nesi akaweka cha kwake chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Kapteni, aliyeishi na malori miaka yote, hakuwa na haja ya kunusa mara mbili. "Hii iliki," akasema, "inawaka."

Mke wangu alifunua sufuria, akainama, akainuka ananitazama. Mama mkwe akainama naye. Yeye hakunitazama. Aliitazama sufuria yake, na hilo ndilo lililoniuma.

"Baba Rehema, umeweka nini humu?"

"Cheni."

"Cheni ya shingoni?" mama mkwe akauliza.

"Ya baiskeli, Mama."

Mwalimu, Mungu ampe alichokusudia, akaona aniokoe. "Shemeji, msamehe. Baiskeli kama ile lazima itunzwe. Laki sita na nusu si pesa ya kuachia mchanga."

Ua ulitulia, tukawasikia kuku wakipekua.

"Laki ngapi?" mke wangu akauliza.

"Sita na nusu," Mwalimu akarudia, kwa sauti ya ubaoni, ili na wa nyuma wasikie.

Sasa zilikuwa kesi tatu: sufuria, bei, na wageni kumi na watatu waliodondoka bila taarifa. Kapteni akaona gari linarudi nyuma mlimani, akaweka jiwe kwenye tairi. "Shemeji, mwenzetu ana makosa yake. Lakini nakuapia, barabarani huyu si kupe."

"Kupe?" Mama mkwe akamgeukia Kapteni kwa mara ya kwanza.

Kapteni akamweleza yote: upepo, anayepasua, wanaofuata, zamu. Alitumia vikombe kama baiskeli, akavipanga mkekani, cha mbele akikirudisha nyuma, cha pili kikipanda.

"Kama kutwanga wawili kinu kimoja," mama mkwe akasema.

"Hasa, Mama."

"Na wa mbele akichoka hufanyaje?"

"Anatikisa kiwiko. Hivi. Wa nyuma yake anapita."

"Na huyu mkwe wangu, akitikisiwa, anapita?"

"Papo hapo, Mama!" Kapteni akajipiga gotini kwa fahari. "Hajawahi kungoja kiwiko cha pili."

"Kumbe anaweza," mama mkwe akasema, akaanza kukusanya vikombe.

Hakuna aliyeongeza neno. Mke wangu alimhamisha mtoto kutoka kiuno cha kulia kwenda cha kushoto. Fundi akasimama na kanga yake akauliza vyombo vinaoshewa wapi, na watu kumi na wanne wakapanga mstari kutoka mkekani hadi kwenye karo. Niliwekwa wa mbele na sikubadilishwa. Sufuria ilichukua siku tatu, kwa maji ya moto, magadi na ndimu za mti mzima, na mama mkwe akiinusa kila jioni kama hakimu anayesoma jalada. Hesabu ya laki sita na nusu bado inaendelea. Nimeambiwa italipwa kwa awamu, na ya kwanza ni ndoo: bomba likijisikia saa tisa usiku, ninayeamka ni mimi.

Jumanne usiku mtoto alilia. Niligeukia ukutani kama ilivyo desturi yangu, nikavuta pumzi ndefu za mtu aliyelala fofofo. Kitu kikanigusa mbavuni. Hakikuwa na nguvu wala hasira. Kilikuwa kiwiko, kimetikiswa mara moja, bila neno, na mtu aliyekosa pumzi za kuongea.

Sikungoja cha pili.

Nilimpakata mtoto nikazunguka naye sebuleni, kati ya makochi na baiskeli, mpaka mkono ukanipa habari kwamba ameloa. Nikaenda chumba cha watoto, nikakaza kikoi, nikabisha.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu," ikajibu sauti gizani. "Yako, au ya mtoto?"