Bi. Nauli Anakujibu: Waliokwama Malta

Wiki hii barua zimefika zina chumvi. Zamani mlikuwa mkiniandikia kwamba mmeachwa na wachumba. Sasa mnaachwa na mabasi, tena kwenye kisiwa chenye urefu wa kilomita 27 tu. Haya, tuanze.

*Shikamoo Bi. Nauli. Niko Malta kwa fungate. Kila asubuhi mimi na mume wangu tunasimama kituoni hapa Sliema tupande basi la Valletta. Basi linakuja, linatutazama, linapita. Mume wangu anasema tumerogwa na shangazi yake ambaye hakualikwa harusini. Tufanyeje? – Waliopitwa, Sliema*

Marahaba mwanangu. Shangazi mwacheni. Nyinyi mmesimama kama bibi harusi anayengoja kufunuliwa shela, mikono mapajani, macho chini. Basi la Malta halisimami eti kwa kuwa kuna watu kituoni. Linasimama ukinyoosha mkono, na unyooshe mapema, dereva akiwa bado mbali. Likiwa limejaa halitasimama hata ukilia. Hapo hakuna konda wa kuwaambia watu wasogee nyuma kuna nafasi, wala hakuna kuning'inia mlangoni.

Mngefika miaka ishirini iliyopita mngefurahi. Mabasi ya manjano yalikuwa mali ya madereva wenyewe, na kila mmoja alilipamba lake kwa kromu inayong'aa na picha za watakatifu. Mtu wa matatu za Nairobi angejiona kwao. Yaliondolewa barabarani Julai 2011, ikaja kampuni kubwa kutoka nje na mabasi marefu yaliyoungwa katikati, yaliyokwisha kutumika London. Baadhi yakashika moto, na mwaka 2013 yakapigwa marufuku. Kampuni yenyewe nayo ikafungasha virago mapema 2014. Sasa yapo ya kawaida, yana kiyoyozi, na mkazi mwenye kadi yake hupanda bila kulipa tangu Oktoba 2022. Ndiyo maana yule mama mwenye kapu anawapiga kikumbo mlangoni: yeye safari ni ya bure, nyinyi mnakaa kutafuta chenji.

Lakini swali langu ni hili: basi la nini? Sliema na Valletta zinatazamana, katikati kuna mkono mwembamba wa bahari. Barabara inazunguka ghuba nzima kupitia Msida na Floriana, na asubuhi foleni yake inaweza kuvunja ndoa changa. Teremkeni gatini mpande kivuko kidogo. Dakika chache tu mko ng'ambo, na upepo wa bahari mmeupata bure. Kutoka Valletta kwenda miji ile mitatu ya upande wa pili wa Bandari Kuu kipo kivuko kingine, na ukirudi, lifti ya Barrakka inakupandisha mita 58 hadi juu ya ngome bila kugusa ngazi. Lord Byron, aliyekuwa na mguu mbovu, alipoondoka Malta mwaka 1811 aliandika shairi la kuiaga, na ngazi za Valletta hazikusalimika. Lifti hii ya sasa ilifunguliwa mwaka 2012. Maskini Byron.

*Bi. Nauli, mimi ni wa Mombasa, mke wangu amekulia Bujumbura. Tumekodi gari na tumegombana nani aendeshe. – Mwenye Leseni*

Kwa sheria, umeshinda wewe. Malta ilitawaliwa na Waingereza hadi 1964 na bado wanaendesha kushoto, kama Mombasa; mkeo amezoea kulia. Kwa busara, hakuna aliyeshinda. Kisiwa kizima na vidogo vyake ni kilomita za mraba 316, watu ni nusu milioni na ushei, na magari yaliyosajiliwa yamepita 400,000. Mkifika mnakokwenda mtaanza safari ya pili, ya kutafuta maegesho, na hiyo ndiyo ndefu. Mistari ya kijani chini ni ya wakazi. Ya manjano msiiguse. Mkiona nafasi yenye mistari myeupe, mshukuruni Mungu kabla hamjazima injini. Valletta kamera zinasoma namba ya gari na muda uliokaa, halafu bili inaifuata gari hiyo. Rudisheni ufunguo, mwombane radhi. Mkitaka sana kuendesha, subirini mfike kisiwa jirani cha Gozo, barabara zake zina nafasi ya kupumua.

*Bi. Nauli, treni ya Mdina inaondoka saa ngapi? – Mpenda Reli*

Iliondoka mwaka 1931. Ilianza kazi 1883, ikashindwa na mabasi. Jengo la stesheni bado lipo Birkirkara, ila usipange foleni.

*Mama Nauli, hodi. Mchumba wangu aliniambia tukutane Rabat saa 6 mchana, mbele ya kanisa. Nilikaa Rabat mpaka saa 9. Yeye anaapa alikuwa Rabat, mbele ya kanisa, na amenitumia picha ambayo kwangu ni ya uongo mtupu. Nimemwambia sitaki kumwona tena. Nimekosea? – Mkongomani wa Brussels*

Karibu mwanangu. Umekosea, na yeye amekosea, na kila mmoja wenu alikuwa Rabat. Moja iko Malta yenyewe, nje tu ya ukuta wa Mdina, jiji la kale. Nyingine ni mji mkuu wa Gozo, ambao mwaka 1887 ulipewa jina la Victoria kwa heshima ya malkia wa Uingereza, lakini wenyeji wameendelea kuuita Rabat. Kati yenu palikuwa na bahari.

Ukitaka kumfuata, toka Valletta kwa basi namba 41 au 42 hadi Ċirkewwa. Umbali ni mfupi, muda ni zaidi ya saa moja, kwa hiyo kula kwanza. Kivuko kinachukua kama dakika 25 hadi Mġarr, kisha basi la kupanda Victoria. Mabasi ya Gozo karibu yote huanzia na kuishia hapo. Njiani panga maneno ya kuomba msamaha. Na tangu leo semeni "Mdina" au "Victoria", hilo Rabat waachieni wenyewe.

*Bi. Nauli, nimevuka kwenda Gozo na hakuna aliyenidai nauli. Tangu jana nimejifungia hotelini. Nitakamatwa? – Mwenye Hofu*

Fungua mlango. Kivuko hicho nauli hulipwa wakati wa kurudi, euro 4.65 kwa abiria wa miguu, kwenda na kurudi. Na najua kuna msomaji hapo ameshapiga hesabu: niende kwa kivuko, nirudi kwa boti ya kasi ya Valletta, nauli nimeikwepa. Boti ya kasi ina nauli yake, na ni kubwa zaidi.

*Bi. Nauli, nimengoja basi dakika 40 kwenye jua. Hii ni haki? – Katekista*

Katekista, fungua Matendo ya Mitume sura ya 28. Paulo alivunjikiwa na merikebu hapohapo Malta, ambayo Biblia inaiita Melita, na akangoja miezi 3, mpaka ikapatikana merikebu ya Aleksandria iliyokuwa imesubiri baridi ipite. Wewe umeniandikia kurasa nne kwa dakika 40. Kunywa maji.

Mnaopanga kwenda Agosti, jihadharini na tarehe 15, sikukuu ya Santa Marija. Siku hizo Malta yote inataka kuvukia Gozo, magari yanapanga foleni Ċirkewwa chini ya jua kali, na vijiji vyenye sherehe hufunga barabara zao na mabasi hubadilishiwa njia. Niandikieni kabla ya kukata tiketi, si mkiwa kwenye foleni. Wa Sicily na Kreta, zamu yenu ni mwezi ujao.