Kaka Yako na Waya Wake

Nina shemeji mmoja, kaka wa mke wangu, ambaye hawezi kumwona mtu ametulia na kitu chake. Ukinunua jiko la gesi la plati mbili, atakuambia yapo ya plati nne. Ukimchinjia kuku, atauliza kama ni wa kienyeji kweli au chotara. Jumamosi moja alinikuta nimejilaza kwenye kochi, hedifoni kichwani, macho nimefumba, nasikiliza nyimbo zangu za zamani kwa amplifaya yangu ndogo niliyokaa nayo miaka sita bila ugomvi. Hata salamu hakutoa. Alisema, "Shemeji, bado unatumia singo?"

Sikujua kama natumia singo. Nilidhani natumia umeme.

Darasa likaanza hapo hapo, na chai ikapoa. Kumbe amplifaya yangu ni ya kimaskini. Sikio la kushoto lina waya wake wa kwenda na la kulia lina wake, lakini umeme ukishafanya kazi na kutaka kurudi, wote unabanana kwenye waya mmoja, kama abiria wa Mbagala wanaogombea mlango mmoja wa daladala. Amplifaya ya balansi haina mambo hayo. Kila sikio lina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na kila njia ina amplifaya yake ya kuisukuma. "Nne, shemeji," akaninyooshea vidole vinne. "Wewe una mbili."

Mtu akishaambiwa ana mbili na wenzake wana nne, hata kochi linaanza kumchoma.

Na yeye hakuja mikono mitupu. Alifungua begi, akatoa dude lake jeusi, akachomeka hedifoni zangu kwa waya wake mnene kama wa pasi, akaniwekea wimbo wa zamani wa Siti binti Saad. "Sasa usisikilize wimbo," akanionya. "Sikiliza nafasi kati ya kushoto na kulia."

Nikasikiliza. Wallahi nilisikia. Bibi Siti alisimama katikati, fidla ikasogea kushoto, ngoma ikakaa kulia, na nyuma yao nikaona hadi ukuta. Nikatikisa kichwa taratibu kama mzee wa baraza aliyekubali mahari. Shemeji, alipoona nimelainika, akamalizia: "Na ule mvumo wako, balansi inaua kelele. Studio zote duniani wanatumia."

Hapo alinigusa kwenye kidonda. Kwa mwaka mzima hedifoni zangu zilikuwa na mvumo, mmmmm, chini chini, kama jirani anayesaga nafaka nyumba ya tatu. Jumatatu nilikuwa Kariakoo. Amplifaya ikanitoka kwa shilingi 650,000, na waya, waya tu, urefu wa mita moja na nusu, kwa shilingi 140,000. Mke wangu alipouliza bei nikamtajia ya waya.

Lakini kwanza niwaeleze kuhusu plagi, maana hili nalo limenikaa rohoni. Zamani palikuwa na jeki moja nene, ile ya milimita 6.35, ambayo ilianzia kwenye mbao za kuunganishia simu karne ya 19, wakati akina dada wa simu wanachomeka na kuchomoa kwa mkono. Ikafuata ndogo ya milimita 3.5, dunia nzima tukaelewana. Ukiingia ubalansi, maelewano yanakwisha. Kuna ya pini nne, inayofungwa kwa kitasa kama ya kipaza sauti. Kuna ya milimita 2.5 ambayo Astell&Kern waliileta 2014, nyembamba kiasi kwamba unaichomeka huku umeshika pumzi. Kisha 2016 Wajapani wakatoa ya milimita 4.4, eti ndiyo ya kutupatanisha. Mwaka huo huo Apple wakaondoa tundu la hedifoni kabisa kwenye iPhone 7. Yaani wakati mmoja anazidisha matundu, mwingine anaziba. Mimi droo yangu ina adapta saba na hakuna hata moja inayoingia ninapoihitaji.

Basi nikaunganisha. Nikavaa. Nikafumba macho. Mmmmm.

Mvumo ulikuwepo. Tena ulikuwa umenenepa.

Nikampigia shemeji, akasema mashine mpya lazima ichome moto kwanza saa mia moja ndipo ifunguke. Nikahesabu: nikisikiliza saa mbili kila usiku, ni karibu miezi miwili ya kungojea kitu ambacho tayari nimekilipia. Kwa kuchoma moto kweli ilikuwa inachoma, ukiweka kiganja juu yake unakitoa mwenyewe. Lakini haikufunguka.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi mitambo wa maharusi, anayefunga spika kumbini Ijumaa na kuzifungua Jumatatu asubuhi akiwa hajalala. Nilimwita aangalie mvumo. Hakugusa amplifaya. Aliangalia mezani, akafuata nyaya kwa kidole, akachomoa chaja ya laptopu kwenye ekstensheni.

Kimya.

"Mzee," akasema kwa upole unaoudhi, "chaja yako ina waya wa ardhi na amplifaya yako ina waya wa ardhi, halafu umeviunganisha tena kwa waya wa USB. Umeme unazunguka humo kama mbwa anayefukuza mkia wake. Uchafu umeshaingia kabla hata sauti haijafika kwenye amplifaya. Balansi ya mbele huko itausafishaje?"

Nikamwambia studio zote wanatumia balansi. Akacheka. Akasema hata yeye anatumia, kila wiki. Kipaza sauti cha MC kinatoa umeme kidogo sana, na waya wake unatambaa mita 30 ukumbini, ukipishana na nyaya za taa, za friji ya soda na za jenereta. Kwa hiyo sauti inapitishwa kwenye nyaya mbili, moja wima na moja imepinduliwa. Kelele za njiani zinaingia zote mbili sawasawa. Miksa ikifika zamu yake, inatoa moja kwenye nyingine: kelele zinafutana, sauti inabaki. Ujanja huo huo ulikuwa unatumika kwenye laini za simu kabla hajazaliwa babu yake. "Sasa wewe," akanyanyua waya wangu wa shilingi 140,000, "mwisho wa huu kuna miksa? Kuna koili mbili tu, za kusukuma na kuvuta. Na sauti inayopita hapa ni kubwa tayari. Nani aiibe njiani kwa mita moja na nusu?"

Nilijikaza. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyelipa, kwamba nimesikia tofauti kwa masikio yangu haya. Hakubisha. Alitoa mita yake ya kupimia volti, akacheza mlio mmoja mnyoofu kutoka kwenye simu yangu, akapima tundu la kawaida: volti 1. Akapima la balansi, voliumu haijaguswa: volti 2. "Desibeli 6," akasema. "Sikio likipewa sauti kubwa kidogo huwa haliiti kubwa. Linaiita nzuri."

Shemeji aliposikia kuna mtu anapima, alikuja mbio na begi lake. Tukakubaliana mtihani. Hedifoni zikae na waya wa balansi, na kwa tundu la kawaida ipite adapta. Kinyume chake, fundi alituonya, hakifanyiki, kwa sababu ukiunganisha njia za kurudi upande wa balansi unaweza kuunguza mashine. Volti zikalinganishwa kwa mita. Tukafungwa macho kwa kanga ya mke wangu, kwa zamu, mara kumi kila mtu, na kila mara fundi alichomoa na kuchomeka hata kama habadilishi kitu, ili tusikisie kwa mlio wa plagi.

Mimi nilipata tano. Shemeji alipata nne na kukumbuka kwamba tangu juzi ana mafua.

Nisimwonee. Kuna mahali kaka wa watu ana haki. Kifaa kidogo cha mfukoni, kinachoishi kwa betri, volti zake ni chache, na ukikipa hedifoni ngumu za omu 300 kama hizi HD 600 zangu za Sennheiser, kinahema. Tundu la balansi likiongeza volti mara mbili, nguvu inaweza kufika mara nne, na hapo tofauti ni halali yako. Pia wapo watengenezaji wanaomwaga akili yote upande wa balansi na tundu la kawaida wanalichonga mwishoni, kama choo cha wageni. Hilo nalo utalisikia. Na ule mlango mmoja wa daladala upo kweli, kushoto huvuja kidogo kulia, ila kwenye waya wa kawaida usiochakaa uvujaji wenyewe ni mdogo mno. Lakini kwa amplifaya ya mezani inayokula umeme wa ukutani, na mtu wa rika langu anayesikiliza kwa sauti isiyofikisha hata miliwati moja, zile mbili zilikuwa zinatosha na chenji inabaki.

Haya yote ningeyameza. Kilichoninyima usingizi ni Siti. Usiku ule nikaanza kujiuliza ile fidla ya kushoto niliisikiaje. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi sahani zake mwaka 1928. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikuja kuomba hataza ya sauti ya mikondo miwili Desemba 1931. Sahani za stereo zilifika madukani mwishoni mwa miaka ya 1950, na bibi wa watu alikuwa ametangulia tangu 1950. Yaani rekodi ile haina kushoto. Haina kulia. Masikio yote mawili yanapewa kitu kimoja kile kile, na mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nilikaa kwenye kochi nikatikisa kichwa nikaona na ukuta.

Sijamwambia shemeji. Naye, nadhani, anajua, kwa sababu siku hizi akija ananiwekea nyimbo za 1985 kuendelea.

Nilifikiri kuiuza, lakini nani ananunua kwa bei ile? Ya zamani nimeshampa mpwa wangu. Juzi nimetoka kazini nikakuta amplifaya imewashwa, hedifoni zipo pembeni, na juu ya mgongo wake limekaa bakuli la unga wa maandazi, limefunikwa kwa kitambaa. Nikafoka. Mke wangu hakushtuka. Alifunua kitambaa, akabonyeza unga kwa kidole, akaridhika.

"Ile ya zamani ilikuwa inachukua saa mbili," akasema. "Hii saa moja tu umeshaumuka. Mimi nilijua kaka hawezi kukudanganya."